Protini Asilimia 20 na Bado Hawakui: Maswali Yenu kuhusu Chakula cha Vitoto vya Nguruwe

Barua nyingi zilizotufikia Bukavu, Kivu Kusini, kwa ajili ya safu hii zinaeleza shida ya namna moja: vitoto vya nguruwe vilinyonya vizuri, vikaachishwa, kisha vikadumaa. Tumeona ni afadhali kuzijibu pamoja, kwa kuwa shina la shida yenyewe ni moja hata pale ambapo wasomaji wanaiona kwa sura tofauti. Majina ya walioandika hatuyachapishi. Tunataja tu mahali wanapofugia.

SWALI, kutoka Bagira: Ninawasalimu nyote. Nina nguruwe jike wawili, na vitoto vyao huachishwa kunyonya vikiwa na miezi miwili. Ninanunua chakula kilichokwisha kuchanganywa, na muuzaji ananihakikishia kwamba kina protini asilimia 20 na kwamba kimepimwa maabara. Vitoto vinakula na vinashiba, lakini havinenepi. Manyoya yanasimama, na ndugu wa mzao mmoja wanatofautiana kimo utadhani hawakuzaliwa siku moja. Je, muuzaji ananidanganya?

JIBU: Mama, huenda muuzaji anasema kweli tupu, na bado chakula chake kisivifae vitoto vyako. Protini inayoandikwa kwenye mfuko haipimwi yenyewe. Maabara hupima naitrojeni iliyomo katika chakula, huizidisha kwa 6.25, na jibu linalopatikana ndilo linaloitwa protini ghafi. Kipimo hicho hakisemi protini hiyo imetoka wapi wala imeundwa na nini. Mtu akitia yurea (ile mbolea yenye naitrojeni nyingi) katika unga, kipimo kitapanda, ingawa nguruwe hawezi kujenga nyama kwa yurea kama ng'ombe anavyoweza kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake.

Kinachohitajiwa na kitoto cha nguruwe ni asidi amino, yaani zile sehemu ndogo ambazo zikiungana ndipo protini inapopatikana. Ziko 20 hivi. Baadhi yake mwili huweza kuzitengeneza wenyewe, lakini 9 ni lazima zitoke katika chakula: lisini, methionini, threonini, triptofani, valini, isoleusini, leusini, histidini na fenilalanini, na mnyama mchanga huhitaji kuongezewa arginini pia, kwa sababu ile anayoitengeneza haimtoshi. Nyama hujengwa kwa kuziunganisha asidi hizo kwa uwiano maalumu, na moja ikipungua, nyingine hata ziwe nyingi kiasi gani haziwezi kushika nafasi yake. Fundi cherehani mwenye kitambaa cha mashati 10 na vifungo vya mashati 4 atamaliza mashati 4 tu. Tena mwili wa nguruwe hauweki akiba ya asidi amino zilizobaki: ini huzivunja, naitrojeni yake hutoka katika mkojo ikiwa yurea, na ile amonia inayochoma macho unapoingia bandani asubuhi ni sehemu ya fedha ulizonunulia chakula.

Katika chakula ambacho msingi wake ni nafaka, asidi inayopungua kwanza karibu kila mara ni lisini. Tuchukue michanganyiko miwili ya kilo 100, ambayo vitu vyake vyote vinapatikana katika masoko yetu. Wa kwanza una kilo 55 za mahindi, kilo 25 za soya iliyokaangwa, kilo 8 za unga wa ndagala (dagaa), kilo 10 za pumba za ngano, na kilo 2 za chumvi na madini. Wa pili una kilo 40 za mahindi, kilo 30 za mashudu ya kokwa za mawese, kilo 25 za mashudu ya karanga, kilo 3 za pumba za ngano, na kilo 2 za chumvi na madini. Ukiipeleka maabara, yote miwili itaonyesha protini ya asilimia 20 hivi. Sasa tuhesabu lisini. Mahindi yana lisini karibu asilimia 0.25 ya uzito wake, soya nzima 2.3, unga wa samaki wa ubora mzuri 4.5, pumba za ngano 0.6, mashudu ya karanga 1.5, na mashudu ya mawese 0.5. Jumla katika mchanganyiko wa kwanza ni karibu asilimia 1.13, katika wa pili ni 0.64.

Hata hesabu hiyo bado inaupendelea mchanganyiko wa pili, kwa kuwa si lisini yote iliyomo katika chakula inayosagika na kufyonzwa kabla chakula hakijatoka katika utumbo mwembamba. Ile ya soya iliyopikwa vizuri na ya samaki hufyonzwa kwa sehemu kubwa, lakini ya mashudu ya mawese, yenye nyuzi nyingi na ambayo mara nyingi yameunguzwa na joto wakati wa kukamuliwa mafuta, hupotea karibu nusu. Ukiondoa kisichofyonzwa, mchanganyiko wa kwanza unabaki na lisini ya asilimia 0.9 hivi na wa pili na 0.45. Protini ni ileile, lisini ni nusu, na vitoto huonyesha tofauti hiyo kwa namna ulivyoieleza: vinashiba, havikui, na vilivyo dhaifu huachwa nyuma zaidi kwa sababu wenzao wenye nguvu huwahi kihori na kuchagua. Safari ijayo, Mama, usimwulize muuzaji asilimia ya protini. Mwulize ni vitu gani amechanganya na kwa kilo ngapi, na kama hataki kusema, tafuta mwingine. Hakikisha pia kwamba vitoto vimepewa dawa ya minyoo, kwa maana minyoo huiba hata chakula kilichopangwa vizuri.

SWALI, kutoka Walungu: Mtoto wangu anayesomea kilimo ameniletea jedwali la mahitaji ya lisini kwa nguruwe. Tarakimu zake ni kubwa mno kwangu, kwani mimi ninafuga nguruwe wa kienyeji na machotara. Je, ni lazima nizifuate?

JIBU: Jedwali hilo, kwa jinsi ulivyolieleza katika barua yako, Ndugu yetu, ni lile la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, lililotolewa upya mwaka 2012. Linasema kwamba kitoto chenye kilo 5 hadi 7 kinahitaji chakula chenye lisini inayofyonzwa asilimia 1.50, kikiwa na kilo 7 hadi 11, asilimia 1.35, kutoka kilo 11 hadi 25, asilimia 1.23, na kutoka kilo 25 hadi 50, asilimia 0.98. Nguruwe mkubwa wa kilo 100 na zaidi anatosheka na asilimia 0.61. Asilimia hushuka kadiri mnyama anavyokua kwa sababu kitoto hula kidogo huku karibu kila kinachoongezeka mwilini mwake ni nyama na mifupa, ilhali mkubwa hula kingi na sehemu kubwa ya uzito anaouongeza ni mafuta, ambayo hayahitaji lisini.

Tarakimu hizo ni za kweli, lakini zimepimwa kwa nguruwe wa mbegu za kisasa wanaoongeza karibu gramu 585 kwa siku wakiwa kati ya kilo 11 na 25. Badala ya kuzichukua kama zilivyo, chukua kanuni iliyo chini yake, ambayo ni rahisi na inamfaa mfugaji wa Walungu sawasawa na mfugaji wa kwingineko: kila kilo moja ya uzito unaoongezeka katika umri huo hudai karibu gramu 19 za lisini inayofyonzwa. Kitoto cha mbegu ya kisasa kinahitaji basi gramu 11 kwa siku. Chotara wako, akiwa anaweza kuongeza gramu 300 kwa siku akilishwa vizuri, anahitaji karibu gramu 6. Kama anakula gramu 650 za chakula kikavu kwa siku, chakula chenye lisini inayofyonzwa ya asilimia 0.9 kinamtosha, na huo ndio mchanganyiko wa kwanza niliomweleza mama wa Bagira. Kumlisha asilimia 1.23 ni kumlipia kazi ambayo mwili wake hautaifanya.

Hesabu hii haitakusaidia bila mizani. Mizani ya kuning'iniza inayotumiwa sokoni, pamoja na gunia la kumtia mnyama, inatosha. Pima vitoto vilevile kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla havijala, na uandike. Mfugaji anayejua ukuaji wa wanyama wake kwa gramu haendeshwi tena na maneno ya muuzaji wa chakula.

Asidi nyingine hupimwa kwa kulinganishwa na lisini. Palipo na lisini gramu 100, kitoto kinahitaji methionini na sisteini kwa pamoja gramu 55 hadi 60, threonini gramu 60 hadi 65, triptofani gramu 16 hadi 20, na valini gramu 63 hadi 70. Threonini hudaiwa sana na utumbo, ambao huitumia kutengeneza ute unaoukinga. Triptofani inahusika na hamu ya kula. Kwa hiyo kitoto kinachopambana na kuhara au maambukizi huhitaji sehemu kubwa zaidi ya hizo mbili kuliko mwenzake mzima.

SWALI, kutoka Kamanyola: Ninalima soya mwenyewe. Kwa kuwa makala (makaa) ya kupikia ni ghali, ninaitwanga mbichi na kuichanganya na unga wa mahindi. Je, nguvu yake si ileile?

JIBU: Hapana, na ninakusihi uache desturi hiyo leo hii. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani vitu vinavyoizuia ile kimeng'enya ambayo kongosho huitoa ili kuvunja protini utumboni. Kitoto kikila soya mbichi, protini hupita bila kuvunjwa. Kongosho nalo, likidhani kazi haijafanyika, huongeza kutoa vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo vimejengwa kwa asidi amino zenye salfa (methionini na sisteini), ambazo tayari soya inazo kwa uchache, na hivyo hasara huwa mara mbili: kitoto hakipati kilichomo katika soya, na kinapoteza hata kile ilichokuwa nacho mwili wake. Nguruwe mkubwa huvumilia kwa kiasi fulani. Kitoto cha wiki nane hakivumilii.

Joto ndilo linaloviharibu vizuizi hivyo. Loweka soya usiku kucha, mwaga maji yake, kisha ichemshe kwa dakika 30 tangu maji yaanze kutokota, ianike juani hadi ikauke kabisa, ndipo uisage. Kuiloweka kwanza hupunguza makala utakayotumia. Ukipenda kukaanga, koroga bila kuacha mpaka punje zibadilike rangi ziwe za kahawia hafifu, zinukie, na ukiivunja moja ndani usiikute ina ladha ya ubichi. Hapo hapo ndipo pa kusimama. Soya iliyokaangwa hadi kuwa kahawia nzito imeharibika upande wa pili: lisini yake imeshikamana na sukari za punje na kitoto hakiwezi tena kuitumia, ingawa maabara, kwa kuwa inahesabu naitrojeni tu, itaendelea kuonyesha protini nyingi.

Akina mama wengi mjini hutengeneza maziwa ya soya, na machicha yake huuzwa kwa bei ndogo au hutolewa bure. Ni chakula kizuri, ila uliza kwanza kama maziwa huchujwa kabla au baada ya kuchemshwa. Yakichujwa kabla, machicha hayo bado ni mabichi na inabidi uyapike.

SWALI, kutoka Nyangezi: Kwetu kuna mihogo mingi kuliko mahindi. Ninavilisha vitoto unga wa muhogo na sombe (majani ya muhogo). Sombe si ina protini? Mbona havikui?

JIBU: Sombe ina protini kweli, majani yakikaushwa, protini huzidi asilimia 20. Lakini majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, na tumbo la kitoto ni dogo, hivyo hujaa kabla mahitaji hayajafikiwa. Muhogo wenyewe una protini ya asilimia 2 au 3 tu, kwa hiyo kila kilo ya mahindi unayoibadilisha kwa muhogo inaacha pengo ambalo ni lazima lizibwe na kitu kingine.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Muhogo na majani yake, hasa wa aina chungu, hutoa sianidi. Mwili huiondolea ukali kwa kuiunganisha na salfa, na salfa hiyo huitoa katika methionini na sisteini. Kumbuka kwamba majani ya muhogo yana methionini kidogo tangu mwanzo. Kwa hiyo mlo wa muhogo na sombe unakipunguzia kitoto asidi ileile ambayo unakilazimisha kuitumia kwa wingi. Hata kwa binadamu jambo hili si dogo: ugonjwa wa konzo, uliolemaza miguu ya watu wengi Bandundu, unahusishwa na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka katika familia ambazo mlo wao ulikosa asidi amino zenye salfa.

Basi, mama, loweka mihogo siku tatu au nne kabla ya kuianika, kama unavyofanya kwa ugali wa nyumbani. Majani yakatekate, yaanike, uyasage, na yasizidi kilo 10 katika kilo 100 za chakula cha vitoto. Yaliyobaki wape nguruwe wakubwa pamoja na matembele. Ongeza ndagala, kwa kuwa samaki wana methionini nyingi kuliko maharagwe na soya. Palipo na farmasi ya mifugo inayowahudumia wafuga kuku, methionini ya unga hupatikana; gramu 100 katika kilo 100 za chakula chenye muhogo mwingi huleta tofauti.

SWALI, kutoka Uvira: Katika farmasi ya mifugo wananiuzia unga mweupe wanaouita lisini. Je, ni dawa? Na je, ninaweza kuutumia badala ya soya na ndagala?

JIBU: Si dawa wala homoni. Ni lisini ileile iliyomo katika samaki, ila hii imetengenezwa na bakteria waliolishwa sukari katika matangi makubwa, kisha ikasafishwa na kukaushwa. Unga huo ni haidrokloridi ya lisini, na karibu asilimia 78 ya uzito wake ni lisini halisi, ambayo hufyonzwa yote. Usomapo mfuko, tafuta tarakimu hiyo, kwa sababu zipo aina zenye lisini chache zaidi, nazo zinapaswa kuuzwa kwa bei ndogo zaidi.

Kuhusu kuutumia badala ya soya, jibu ni ndiyo kwa sehemu, na sehemu hiyo ina mpaka. Kanuni ya zamani ya watengenezaji chakula ni kwamba, katika kilo 100 za chakula, gramu 150 za unga huu pamoja na kilo 4.85 za mahindi zinachukua nafasi ya kilo 5 za mashudu ya soya. Fanya hesabu kwa bei za Uvira wiki hii, uone upande upi una nafuu. Bei ya ndagala hupanda na kushuka kwa mwezi na kwa hali ya ziwa, kwa hiyo jibu la wiki hii huenda lisiwe la mwezi ujao. Ukiongeza gramu 200 katika mchanganyiko wa kwanza nilioutaja, lisini inayofyonzwa hupanda kutoka asilimia 0.9 hadi karibu 1.1, na hicho ni kiwango kizuri kwa machotara wanaokua haraka.

Ukipita hapo unagonga ukuta. Lisini ikishatosha, asidi inayofuata kwa uchache ndiyo inayozuia ukuaji, na kwa kawaida ni threonini au methionini. Chukua ule mchanganyiko wa mashudu ya mawese na karanga: ungehitaji zaidi ya nusu kilo ya unga wa lisini ili kuuinua, na ungekuta threonini imepungua hata kabla hujafika. Threonini na triptofani za unga zipo duniani, lakini kwa mfugaji mdogo ni nafuu zaidi kuzipata kupitia soya na samaki. Unga wa lisini hukamilisha mchanganyiko ulio mzuri, mbaya hauuokoi.

Namna ya kuchanganya ina uzito wake. Gramu 200 ukizimwaga juu ya kilo 100, vitoto vingine vitapata zote na vingine visipate kitu. Zichanganye kwanza na kilo moja ya unga wa mahindi, kisha na kilo tano, kisha ndipo uingize katika chakula chote. Usiupike pamoja na uji. Utie uji ukishapoa. Na ulishe mara tatu kwa siku kuliko mara moja, kwa sababu lisini ya unga hufyonzwa upesi, ilhali ile iliyofungwa katika protini huchelewa, na zisipokutana mwilini kwa wakati mmoja sehemu yake huvunjwa bure.

Ndagala wako nao waonje kabla ya kuwanunua kwa magunia. Waliotiwa chumvi nyingi ni hatari kwa kitoto kisicho na maji ya kutosha. Chumvi hushambulia ubongo, na mnyama huanza kuzunguka na kutetemeka. Maji safi yawepo saa zote.

SWALI, kutoka Kabare: Baada ya kusikia kwamba vitoto vinahitaji protini, niliongeza ndagala na soya kwa wingi mara tu vilipoachishwa kunyonya. Ndani ya siku chache vyote vilianza kuhara. Nimekosea wapi?

JIBU: Nia yako ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba tumbo la kitoto kilichotoka kwa mama yake bado halitoi asidi ya kutosha, na vimeng'enya vyake vimezoea maziwa. Protini nyingi ya ghafla haivunjwi yote. Inayobaki hushuka hadi utumbo mpana, nako bakteria waharibifu, hasa wale wa kundi la koli, huila na kuongezeka. Kuhara hufuata, na kuhara huondoa maji mwilini haraka kuliko mfugaji anavyodhani.

Ni kwa sababu hiyo wataalamu wengi siku hizi wanashusha protini ya chakula cha wiki mbili za kwanza hadi asilimia 18 hivi, na kufidia kwa lisini ya unga pamoja na asidi nyingine. Kwako, punguza soya na ndagala kwa kiasi, ongeza gramu 200 za lisini katika kilo 100, na anza kuvionjesha vitoto chakula hicho kidogokidogo vikiwa bado vinanyonya, tangu wiki ya pili au ya tatu. Viwekee mahali ambapo mama yao hafiki. Kitoto kilichozoea kula kabla ya kuachishwa kina vimeng'enya vilivyokwisha kujiandaa. Vile vinavyohara sasa vipe maji yenye chumvi na sukari kidogo, na ukiona damu au vikishindwa kusimama, mwite daktari wa mifugo bila kungoja kesho.

SWALI, kutoka Kadutu: Machinjioni damu humwagwa bure. Je, ninaweza kuipika na kuwapa?

JIBU: Damu iliyokaushwa ina lisini karibu asilimia 8, hakuna chakula cha kawaida kinachoifikia. Lakini isoleusini yake ni chache mno, kwa hiyo isizidi kilo 2 au 3 katika kilo 100. Iwe ya ng'ombe au mbuzi tu, ichemshwe hadi igande yote, ikaushwe siku hiyohiyo. Damu au mabaki ya nguruwe usiyaingize bandani kamwe, hata yakiwa yamepikwa: homa ya nguruwe ya Afrika ipo katika jimbo letu, haina tiba, na mabaki ya nyama ni mojawapo ya njia zake kuu za kuenea.

SWALI, kutoka Katana: Nimesikia kuna mahindi yenye lisini nyingi. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kwamba mahindi yenye jeni iitwayo opaki-2 yana lisini na triptofani nyingi kupita mahindi ya kawaida. Punje zake mwanzoni zilikuwa laini na zilishambuliwa na wadudu, mpaka Surinder Vasal na Evangelina Villegas wa kituo cha utafiti wa mahindi na ngano cha Meksiko walipopata aina ngumu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Kwa nguruwe faida ni kubwa, kwa kuwa mahindi ni zaidi ya nusu ya mlo wao. Kwa kuwa Katana hakuko mbali na kituo cha INERA (taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo) cha Mulungu, anzia huko kuulizia mbegu. Jua tu kwamba sifa hiyo hupotea mahindi yako yakichavushwa na mahindi ya kawaida ya jirani, kwa hiyo yapande mbali au kwa tarehe tofauti, na mbegu ya msimu ujao uichukue katikati ya shamba.

SWALI, kutoka Bagira tena, barua nyingine: Vitoto vyangu vinadumaa hata kabla ya kuachishwa. Vinanyonya tu. Hapo chakula kinahusika vipi?

JIBU: Kinahusika kupitia mama yao. Maziwa ya nguruwe hubeba lisini nyingi, na ili mzao mzima uongeze kilo moja unahitaji karibu kilo 4 za maziwa. Nguruwe jike anayenyonyesha vitoto 8 akilishwa maganda ya ndizi na machicha ya kasiksi (pombe ya ndizi) peke yake hupata lisini chache sana, na mwanzoni huivunja misuli yake mwenyewe ili maziwa yasipungue. Utamwona mgongo unachongoka. Baadaye maziwa hupungua, vitoto hudumaa, naye huchelewa kurudi kwenye joto (kutaka dume) baada ya kuachisha. Mpe wakati wote wa kunyonyesha chakula chenye lisini ya asilimia 0.8 hadi 0.9, kwa mfano kilo 70 za mahindi na pumba, kilo 20 za soya iliyopikwa, kilo 5 za ndagala, na zilizobaki mashudu, chumvi na madini; na umwongezee kadiri anavyotaka kula, si chini ya kilo 4 kwa siku akiwa mkubwa. Maziwa yake hufikia kilele karibu na wiki ya tatu, kisha hayaongezeki tena ilhali mahitaji ya vitoto yanaendelea kupanda kila siku. Kuanzia hapo kihori kidogo cha vitoto kisikose chakula.